Jinsi Nilivyomng'arisha Fahali

Moshi wa petroli iliyochanganywa na oili hunitia kichefuchefu. Wapo watu wanaoupenda. Wanasema unanukia zamani, wanafumba macho na kuuvuta kama chai ya tangawizi. Mimi ukinifikia, mate hunijaa mdomoni na lazima niteme.

Mwezi uliopita nilikuwa nikiosha magari mjini Kisii, kazi niliyoipata wiki hiyohiyo na ambayo sikukusudia kukaa nayo sana. Akaja kijana mmoja wa ofisini, shati limechomekwa, juu ya pikipiki ya kizamani aliyoifufua mwenyewe. Tangi lilikuwa jekundu, spoku zinameta, siti imeshonwa upya kwa ngozi. Waoshaji wote waliacha ndoo wakaizunguka. Alipoipiga kiki, ule moshi wa bluu ulitoka, mwembamba, wenye utamu uliooza. Nikaenda nyuma ya tangi la maji nikatema mara tatu. Mwenzangu akaniuliza kama nina mimba.

Sina mimba. Nina pikipiki moja tu ambayo haitaki kunitoka tumboni.

Pikipiki hiyo ilikuwa ya babu yangu wa Nyamache, baba yake mama. Tulimwita Sokoro, kama babu wote wanavyoitwa kwetu. Alikuwa mtu wa mifugo. Serikali ilimpa pikipiki na chupa kubwa ya baridi ya kubebea mbegu za fahali, na kwa miaka mingi alizunguka vilima vile akipandisha ng'ombe wa watu. Mlio wa pikipiki ulisikika kutoka mlima wa pili, na akina mama walikuwa wakiitana, "Fungeni ng'ombe, fahali anakuja!" Ndiyo maana pikipiki yenyewe ikaitwa Fahali. Alipostaafu aliachiwa ainunue, akainunua, akaiendesha hadi magoti yakakataa. Kisha ikawekwa kwenye banda la kuku.

Sokoro alipokuwa anakufa alimwambia mzee wa kanisa, mbele ya wanawe wote, kwamba Fahali ni wa Moraa. Moraa ni mama yangu. Katika watoto wote saba, ni yeye pekee aliyewahi kujifunza kuiendesha, tena akiwa msichana wa sketi ya shule. Wajomba zangu hawakufurahi. Mwanamke aliyeolewa Tabaka, abebe pikipiki ya boma la Nyamache? Lakini maneno ya mtu anayekufa mbele ya mzee wa kanisa hayavukwi waziwazi. Mjomba Nyakundi, mkubwa wao, akatafuta njia ya pembeni.

"Ichukue," alimwambia mama baada ya mazishi, akijichokoa meno kwa njiti. "Mwaka ukiisha tutaweka saruji kwenye kaburi la mzee na kufanya ibada. Siku hiyo uje nayo hapa ikinguruma, tuione ni hai. Ikinguruma, ni yako, hakuna wa kukuuliza. Isiponguruma, inabaki hapa ilipozaliwa."

"Itanguruma," mama alisema.

"Sawa, fundi," akajibu Mjomba, na wengine wakacheka.

Nilikuwa na miaka kumi. Nilikuwa mtoto wa kufungua vitu. Nilikuwa nimeshafungua redio ya baba, kufuli ya kanisa, na chura. Shuleni nilikwenda siku ambazo sikuwa na jambo bora zaidi. Kwa hiyo Fahali alipofika kwetu Tabaka nyuma ya pikapu ya ndizi, nilikuwa wa kwanza kupanda juu yake, na wa kwanza kushuka.

Acha niwaambie kuku hufanya nini wakipewa pikipiki kwa miaka minane. Siti haikuonekana. Juu yake kulikuwa na kinyesi kilichokauka kama saruji, na ukikivunja, chini yake kulikuwa na kingine, kibichi, cha rangi ya haradali, kinachotoa harufu inayochoma macho. Ndani ya kinyesi kulikuwa na utitiri. Walinipanda mikononi hadi kwapani, nikajikuna wiki nzima. Kwenye boksi la chujio la hewa tulikuta kiota cha panya chenye vitoto sita, vyekundu, havina manyoya, vinapumua kama vidole vilivyojifunza kupumua. Baba alivitupa chooni. Petroli ya zamani tangini ilikuwa imegeuka gundi yenye harufu ya matapishi. Na bomba la moshi! Mama aliliingizia fimbo, ikatoka imebeba lami nyeusi yenye mafuta, laini kama kinyesi cha mtoto. Tulilichoma motoni ili uchafu wa ndani uungue. Moshi uliotoka uliingia kwenye nguo, kwenye maziwa, kwenye ugali. Kwa siku mbili kila nilichokula kilikuwa na ladha ya bomba la Fahali.

Mama hakuwahi kuziba pua. Alikuwa amezoea kufanya kazi ndani ya uchafu. Tabaka ni nchi ya mawe ya sabuni. Wanaume huchimba na kuchonga, wanawake husugua. Kila siku mama alikaa chini na beseni la maji katikati ya miguu, akisugua kwa msasa viboko, twiga na mabakuli ambayo baba alichonga. Alianza na msasa mbaya, ule wenye chembe kubwa, akaendelea na wa kati, akamalizia na ule laini unaofanana na karatasi ya kawaida, kisha akapaka nta na kupangusa kwa kitambaa hadi kipande king'ae. Maji ya beseni yaligeuka meupe kama uji. Vumbi lake lilikaa kwenye nywele zetu na kwenye kope. Nilianza kusugua nikiwa na miaka mitano. Sheria ya nyumba yetu ilikuwa moja, na sikumbuki kama kuna mtu aliyewahi kunifundisha, nilizaliwa nayo: kipande chenye mkwaruzo hakitoki nyumbani. Mnunuzi akiona mkwaruzo mmoja tu, anakirudisha chote.

Basi Fahali naye alifufuliwa kwa msasa. Wanawake jirani walikuja na mabeseni yao, wakagawana vyuma, wakasugua tangi, madigadi na rimu huku wakisema watu. Sijawahi kusikia umbea mtamu kama ule. Mama Bosibori, jirani wa mpaka na sisi, alisugua taa ya mbele siku nzima akasema, "Moraa, bwana yangu hajawahi kushikwa hivi." Tangi likapakwa rangi nyekundu. Fundi viatu akashona siti. Kile chuma cha nyuma kilichobeba chupa ya mbegu za fahali kikawekewa mto, kikawa kiti changu. Baba, ambaye alikuwa mtu wa maneno machache na hakuamini pikipiki hiyo ingeamka, alichonga kichwa kidogo cha fahali kwa jiwe la waridi akakifunga mbele, chini ya taa.

Kazi ya injini ilikuwa ya Fundi Ombati. Alitoka mjini kila Jumatano, akafungua huku mama akishika na kutazama, akafunga huku mama akifunga naye. Mwishowe aliiondoa silinda, ule mtungi wa chuma ambao pistoni hupanda na kushuka ndani yake, akaenda nayo mjini ikachongwe upya. Aliirudisha Alhamisi, siku tatu kabla ya ibada ya Sokoro, imefungwa kwenye gazeti. Nilitumwa kuchota maji. Niliporudi, Ombati alikuwa akiondoka. Alisema ana msiba kwao Jumamosi na Jumapili, lakini mama anajua kufunga, hana shaka naye.

Ijumaa sikwenda shule. Mama alikwenda sokoni. Baba alikuwa machimboni. Nilikuwa peke yangu na lile gazeti.

Nililifungua. Nikaingiza jicho ndani ya silinda, nikaona aibu. Ukuta wote wa ndani ulikuwa na mikwaruzo. Midogo, mingi, imepishana huku na huku kama kitambaa kilichofumwa. Nilipitisha ukucha nikaisikia. Nikawaza, huyu Ombati ni mtu wa namna gani? Amelipwa, amekula kwetu, halafu anatuletea kazi ambayo hata mtoto wa Tabaka angekatazwa kuitoa nje. Nikamwona Mjomba Nyakundi akiingiza jicho lake humo na kusema, hii ndiyo kazi ya wanawake wa Tabaka.

Nikaleta beseni.

Nilisugua kuanzia asubuhi hadi jua lilipopita utosi. Mkono wangu tu ndio ungeweza kuingia mle ndani, nikaliona hilo kama agizo. Chuma si jiwe. Kilikataa, nikakisugua tena. Msasa ulinila ncha za vidole, maji yakawa ya kijivu, kisha ya waridi kidogo. Nilimalizia na ule msasa laini kabisa. Nikapaka nta. Nikapangusa na kitambaa cha mama, kile cha vipande vya oda kubwa. Nilipoinua silinda juani niliuona uso wangu ndani yake, umejipinda, una pua kubwa, na sikuwahi kujipenda kama siku hiyo.

Mama alirudi jioni jua likiwa bado juu ya migomba. Alifungua gazeti. Aliingiza vidole viwili ndani, akavizungusha polepole. Kisha akatazama mikono yangu niliyoificha nyuma.

"Ni nani?"

"Ni mimi, mama."

Alitazama jua. Sisi ni Wasabato, na jua likizama Ijumaa, hakuna spana inayoguswa hadi Jumamosi jioni, na Jumapili alfajiri tulipaswa kuwa njiani. Alinitazama tena.

"Imependeza," alisema. "Buya mono." Yaani vizuri sana.

Akaifuta nta kwa petroli, taratibu, akafunga silinda. Jua likiwa limebaki kipande kama ukucha, alipiga kiki ya tano na Fahali akaamka. Moshi wa bluu ulijaa uani. Baba alivua kofia. Wanawake walipiga vigelegele juu ya ua. Mama alimzima, akasema, "Sabato njema," akaingia ndani.

Jumapili nilikaa kwenye kiti cha mbegu za fahali, nimekumbatia kiuno cha mama. Alikuwa amevaa suruali ya baba ndani ya sketi. Baba alitangulia kwa gari. Tulipopita mjini Kisii watu walisimama mbele ya maduka, vijana wakapiga kelele, "Mathe, moto!" Mama alipiga honi. Nilihisi mgongo wake ukicheka.

Baada ya Kiogoro barabara ilianza kupanda. Hapo sauti ikabadilika. Ule mlio wa kupasuka-pasuka ukawa mkavu, kisha ukatoka ukelele mwembamba kama wa nguruwe, na gurudumu la nyuma likakwama palepale. Tuliserereka hadi kwenye mtaro. Sikuumia, ila nilitua juu ya kitu laini, na kitu hicho kilikuwa mbwa aliyekufa. Siku hiyo yote iliyobaki, kila nilichofanya nilikifanya nikinuka mbwa huyo.

Tulisubiri injini ipoe. Ikawaka. Ikatupeleka kilomita chache, ikakwama. Tukasubiri, ikawaka, ikakwama. Dereva wa lori la majani ya chai akasimama, akasema, "Mama, tuipandishe tu, nawafikisha." Mama akakataa. Alisema Fahali lazima afike kwa miguu yake. Akaisukuma. Mimi nilisukuma nyuma, nta bado iko kwenye kucha zangu. Mlima wa mwisho mama alikuwa akikohoa, ule ukohozi wa vumbi la mawe ambao anao hadi leo, na kila akisimama alitema mate meupe.

Tulifika watu wakiwa wamekwisha kula. Saruji ya kaburi ilikuwa mbichi bado. Wajomba walikuwa wameketi chini ya hema na sinia za nyama ya mbuzi, na mafuta yalikuwa yameganda midomoni mwao, meupe, kwenye masharubu, kwenye pembe za vinywa.

"Amefika fundi!" Mjomba Nyakundi alisema. "Haya, tusikie."

Mama alipiga kiki. Alipiga nyingine. Nilihesabu hadi ishirini na sita. Mara moja, mara moja tu, Fahali alikohoa, akatoa donge la moshi, na watu wakanyamaza kabisa. Kisha hakutoa kitu tena.

Mmoja wa wageni alikuwa fundi wa pale sokoni Nyamache. Akaona hawezi kula akashiba bila kujua. Alifuta mikono kwenye nyasi, akafungua nati, akainua kichwa cha injini, akavuta silinda. Ndani mlikuwa na michirizi myeusi, chuma kimelambana na chuma, lakini katikati ya michirizi bado palikuwa pakimeta kama kioo. Akainusa. Akaitazama tena. Akaanza kutikisika mabega.

"Ni nani alisugua hii?"

Alieleza kwa sauti, watu wote wasikie, kwamba silinda haisuguliwi. Ile mikwaruzo huwekwa kwa makusudi, ndiyo inayoshika oili. Ukiitoa, oili haina pa kukaa, na pistoni inakula ukuta mtupu.

Nilisikia masikio yangu yakiwaka. Mama alikuwa amesimama kando ya Fahali, sketi imejaa matope. Hakunitazama hata kidogo.

"Ni mimi," alisema.

"Wewe, Moraa?"

"Mimi. Nilisugua."

Mjomba Nyakundi alichukua ile silinda, akaiinua juu kama mnadi wa soko. "Jamani, oneni! Dada yangu alidhani ni twiga wa kuuzia wazungu! Moraa, ulipaka na nta?"

"Nilipaka."

"Alipaka nta!"

Hema lote lilipasuka. Walicheka hadi nyama ikaonekana vinywani mwao, nusu imetafunwa, ya kijivu. Mmoja alikabwa, akapigwa mgongoni, akatema kipande juu ya meza, akaendelea kucheka. Baba alitazama viatu vyake. Na mimi, niliyesimama hatua mbili kutoka kwa mama, nikinuka mbwa aliyeoza, nikacheka pia. Sikutabasamu kwa uoga, msinionee huruma. Nilicheka kwa sauti, mdomo wazi, pamoja nao, hadi machozi. Mjomba alinipa mfupa wenye nyama. Nikaupokea, nikaula.

Tulirudi Tabaka kwa gari. Fahali alibaki. Kama Mjomba angemtengeneza akampanda, labda ningesema ni tamaa, na tamaa naielewa. Hakumtengeneza. Alimrudisha kwenye banda la kuku. Nilimwona miaka miwili baadaye. Ile siti ya ngozi ilikuwa imefunikwa tayari, na jogoo amesimama juu ya kichwa cha jiwe la waridi, amekipaka chote. Hawakuitaka pikipiki hata kidogo. Walitaka tu isiwe yake.

Shule niliiacha darasa la saba. Nimechuma chai Nyamira, nimepika chapati Keroka, nimelala miji ambayo sikumbuki majina. Popote penye kitu kilichofunguliwa mimi husimama. Ndivyo nilivyojikuta kwa miezi mitano kwenye gereji moja ya bodaboda, nikimshikia fundi tochi. Siku moja alitoa silinda mpya kwenye gazeti, akamwambia mwenye pikipiki, "Usiguse humu ndani. Mikwaruzo hii haiguswi. Kila mtu ninayempa silinda namwambia hivi, hata kama hajauliza." Mwenye pikipiki akaitikia bila kusikiliza. Mimi nilisikia. Nilikumbuka ndoo ya maji niliyotumwa kuchota, na Ombati akiondoka.

Nilikaa na jambo hilo muda mrefu, kwa sababu mimi ni hodari wa kuondoka mahali. Lakini baada ya yule kijana wa ofisini na moshi wake, nilipanda gari la Tabaka.

Mama alikuwa pale pale, beseni katikati ya miguu. Amezeeka, vidole vimekuwa laini kama vitu anavyovisugua, havina alama tena. Hakuuliza nimetoka wapi. Alinisukumia bakuli moja na kipande cha msasa, nikakaa, tukasugua. Maji yakawa meupe.

"Mama," nilisema, "ile silinda ya Fahali. Ombati alikuambia?"

"Aliniambia mara mbili."

"Kwa hiyo ulijua. Ile Ijumaa ulijua."

"Nilipoingiza kidole tu."

"Na msasa mbaya ulikuwa hapo hapo. Ungeikwaruza tena kidogo."

Alikohoa, akatema kando, akasubiri pumzi irudi. "Vidole vyako vilikuwa vinatoka damu, na ulikuwa umesimama hapo unanitazama. Nikasema, itafika. Nyamache si mbali." Aligeuza kiboko wake akamtazama tumbo. "Nusura ifike."

Nilikuwa nimekuja na msamaha wangu umekunjwa vizuri, maneno nimeyapanga tangu Kisii. Nikafungua mdomo niuseme. Yeye akatangulia.

"Hiyo ya kusugua haikunisumbua hata siku moja, Kemunto. Ulisugua vizuri." Hakuinua macho kutoka kwenye kiboko. "Lakini huwa nataka kukuuliza. Mbona ulicheka?"

Nilisikia ile ladha ikipanda, mafuta ya mbuzi yaliyoganda, mbwa, moshi wa bluu, vyote pamoja, nikavimeza. Nilisugua bakuli lile, nikasugua, hadi mama akanyoosha mkono akalitoa mikononi mwangu.

"Acha," alisema. "Utalitoboa."